Fungua rejesta kwanza, pendekezo baadaye

Wanafunzi wengi wa uzamili wa afya ya jamii, na madaktari wanaosomea ubingwa, huanza utafiti wao kwenye kompyuta. Wanapakua makala, wanatafuta pengo, kisha wanaandika kichwa kinachoanza na "Ukubwa wa tatizo la" na kumalizika na "mambo yanayohusiana nalo". Msimamizi anasahihisha malengo, kamati ya maadili inapitisha. Mwanafunzi anafika kwenye kituo cha afya na kukuta kwamba taarifa aliyoijengea tasnifu nzima haikuandikwa na mtu yeyote.

Maoni yangu ni haya: msimamizi asikubali kusoma pendekezo la utafiti wa kumbukumbu za kituo kabla mwanafunzi hajakaa na rejesta yenyewe, kitabu ambamo kituo huandika wanaohudhuria, angalau siku mbili.

Chukua mada inayopendwa sana Tanzania, upungufu wa damu kwa wajawazito. Kipimo kinajulikana: kwa Shirika la Afya Duniani, mjamzito mwenye himoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu) chini ya gramu 11 kwa desilita, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati, ana upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Kumbukumbu ziko kwenye kitabu namba 6 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), rejesta ya wajawazito, ambamo kila mama ana mstari wake na mahudhurio ya marudio yanajazwa humo humo. Ukiwa mezani chuoni, kazi inaonekana nyepesi. Sasa kifungue. Hesabu mistari 100 mfululizo, kisha 100 mingine ya miezi sita nyuma, na uandike kitu kimoja tu: nafasi ya himoglobini imejazwa au iko wazi?

Tuseme 40 kati ya 100 ziko wazi. Wengi wanaikimbilia fomyula ya ukubwa wa sampuli. Kwa uwiano wa 0.5, ukingo wa kosa wa asilimia 5 na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, sampuli ni 385. Ukitaka kufidia asilimia 40 inayokosekana, unagawanya 385 kwa 0.6 na kupata 642. (Kugawanya, si kuzidisha kwa 1.4. Ukizidisha unapata 539, na baada ya kutoa mistari iliyo wazi unabaki na 323. Kosa hili linapita mbele ya wasimamizi wengi bila kuonekana.)

Lakini 642 haitakuokoa kama hujui kwa nini nafasi zile ziko wazi, na hapo ndipo penye utafiti wenyewe. Muulize muuguzi wa kliniki. Huenda kuveti, yaani vibao vidogo vya kuwekea tone la damu kwenye mashine ya kupima, zilikosekana kwa wiki tatu, hivyo hakuna aliyepimwa. Kama waliokuja wiki hizo hawatofautiani na wengine, makadirio yako hayataharibika sana. Huenda akina mama walielekezwa maabara nyingine, majibu yakaandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi imekwenda nyumbani na mwenyewe. Au huenda, kwa sababu vifaa ni vichache, anapimwa yule tu anayeonekana kapauka viganja na macho. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayoua tasnifu: unapiga hesabu ya upungufu wa damu miongoni mwa watu waliochaguliwa kwa sababu walionekana hawana damu. Ongeza mistari hadi 2,000, jibu litabaki bovu, tena utalitetea kwa kujiamini zaidi.

Kuna jingine ambalo rejesta haisemi mpaka uisome kwa makini: mama aliyehama kituo katikati ya ujauzito huweza kuandikwa upya anakohamia. Ukikusanya vituo vitatu vya wilaya moja, unaweza kumhesabu mara mbili.

Ziara hii ya awali ina masharti yake. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo, omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, na usiandike jina, namba ya kadi wala simu ya mtu. Unahesabu nafasi zilizojazwa na zilizo wazi, basi. Hesabu hizo usizitumie kama data ya utafiti, kwa sababu kibali cha maadili bado huna. Zinakusaidia kuamua kama swali lako linajibika.

Likiwa halijibiki, badilisha njia mapema: pima mwenyewe wanaohudhuria kwa miezi mitatu, au hoji na usome kadi mkononi mwa mama. Dodoso nalo lina mitego yake. Ukimuuliza mama "una presha?" anaweza kujibu ndiyo akimaanisha ya kushuka. Ukiuliza kuhusu "madini ya chuma na asidi ya foliki" atakutazama tu. Sema "vidonge vya kuongeza damu", taja FEFO, muoneshe na kidonge chenyewe. Dodoso likitafsiriwa kutoka Kiingereza, tafsiri irudishwe kwa Kiingereza na mtu ambaye hakuliona la awali, kisha ijaribiwe kwa akina mama kama 20 wa kituo ambacho hakimo kwenye utafiti.

Kuhusu msimamizi: usimpelekee kurasa 60 ukamwomba "maoni". Mpelekee majedwali matupu, yaani majedwali yote ya sura ya matokeo yakiwa na vichwa na safu lakini bila namba. Jedwali ambalo huwezi kusema litajazwa kutoka safu ipi ya rejesta au swali gani la dodoso, lifute pamoja na lengo lake. Kikao cha nusu saa juu ya majedwali manne kina faida kuliko miezi ya kubadilishana rasimu. Baada ya kikao, siku hiyohiyo, mwandikie barua pepe ya mistari mitano: tumekubaliana hili, nitafanya lile, tarehe fulani. Mwenye wasimamizi wawili anaihitaji zaidi, kwa sababu siku mmoja atakapotaka sampuli ya nasibu na mwenzake ya mfululizo, barua hiyo ndiyo itakayowakutanisha. Mwanafunzi asiachiwe kuchagua kati ya wakubwa wawili.

Vibali navyo vipangiwe muda wake. Kibali cha maadili hakikufikishi kliniki. Baada yake kuna katibu tawala wa mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, ndipo mganga mfawidhi, na kila ofisi inataka nakala ya barua ya ofisi iliyotangulia. Beba nakala za kutosha na ziwe na mhuri unaosomeka.

Wakati wa kunakili, mistari 10 katika kila 100 inakiliwe tena na mtu wa pili bila kuona kazi ya kwanza, na tofauti zipelekwe kwenye rejesta siku ileile, kabla hujaondoka kituoni. Na ukimaliza, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya muuguzi aliyekufungulia kabati: nafasi ngapi ziko wazi, miezi gani, na sababu gani. Mpelekee kabla ya siku ya utetezi, maana agizo la kuveti za robo inayofuata haliisubiri tasnifu ifungwe jalada.