Ada ilishafutwa, hela iende shambani

Nimesoma kuhusu wafadhili wanaotaka kulipia ada watoto wa shule za msingi vijijini Kwimba, mkoani Mwanza, na kuwaanzishia mashamba ya shule. Mungu awabariki sana. Ila ada kwenye shule za msingi za serikali ilishafutwa tangu enzi za MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinachomtesa mzazi ni sare, madaftari na mchango wa chakula. Mtoto anatoka nyumbani na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) mfukoni, ikifika saa saba yameisha, anasinzia juu ya daftari. Hela iende shambani! Wapande mihogo, inavumilia jua. Mahindi yanatuangusha kila mvua ikikatika. Na kisima kwanza jamani, la sivyo watoto watabeba ndoo badala ya kusoma. Mavuno yasomwe kwenye mkutano wa wazazi, gunia kwa gunia.