Kraken Haivi Mbeya kwa Pupa

Kraken, lile dude la baharini la kwenye hadithi, mzima mzima hapikiki, tukubaliane. Askofu Erik Pontoppidan wa Norwei aliandika miaka ya 1750 kwamba mgongo wa kraken una mzunguko wa maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4. Lori la kumpandisha mlima Kitonga liko wapi? Na kwenye mizani utasema umebeba nini, dagaa? Agiza ncha ya mnyiri mmoja, kilo 3. Ikiiva itabaki kama kilo moja na nusu, maana husinyaa kama sweta la mtumba lililofuliwa kwa maji ya moto.

Nusa kabla ya kulipa. Ikinuka kama choo cha stendi, huyo ni ngisi mkubwa, ambaye wengi wanasema ndiye aliyezaa hadithi zote za kraken. Nyama yake ina amonia. Hata ukamulie ndimu zote za soko la Mwanjelwa, uchungu uko palepale. Muuzaji atakwambia ni jua tu. Rudisha.

Iliyo kama pweza, isugue kwa chumvi ya mawe viganja viwili mpaka utelezi utoke, suuza, kisha itwange kwa mchi. Mwenye friza aigandishe siku mbili: barafu hukata nyuzi za nyama kama mchi. Ila friza inataka umeme, na umeme wenyewe... haya, shika mchi.

Sufuriani usitie maji wala chumvi. Funika, moto mdogo, itatoa maji yake, nayo tayari yana chumvi ya bahari.

Sasa watu wa pwani: "Saa moja tu, imeiva!" Kwao! Mbeya tuko mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ukichochea mkaa hayazidi joto, yanakauka tu. Gunia linaisha na mnyiri bado tairi. Weka saa moja na nusu hadi mbili. Choma kijiti cha mshikaki pale palipo nene: kikizama kama kwenye parachichi la Rungwe lililoiva, epua.

Chuja supu. Kaanga kitunguu na nyanya, tia vipande, halafu tui, ukikoroga bila kufunika lisikatike, maana nazi ya huku imelipiwa nauli ya mtu mzima. Pakua na wali wa Kyela. Supu ifiche kwenye chupa ya chai, kwani wanaume waliocheka mchi wako tangu mchana wameshafika na vikombe, eti wanakujulia hali.