Presha ikishuka kwenye upasuaji: figo zinalindwa na namba gani?

Namba inayozihusu figo ni presha ya wastani: chukua ya chini, ongeza theluthi ya tofauti yake na ya juu. Mwenye 90/50 ana 63. Mwenye 85/40 ana 55. Utafiti wa Cleveland Clinic wa mwaka 2013, uliopitia upasuaji 33,330 usio wa moyo, ulionyesha kuwa hata dakika chache chini ya 55 ziliambatana na figo kuumia.

Je, tumpandishe presha kila mgonjwa? Hapo ndipo wataalamu wa usingizi hugawanyika. Aliyevuja damu nyingi presha yake hushuka na figo huumia kwa sababu ileile moja, na dawa ya kubana mishipa haizibi jeraha. Jaribio la POISE-3 (2023), lenye wagonjwa 7,490, lililinganisha lengo la 80 na la 60: matatizo makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa 13.9% na 14.0%. Figo nazo hazikupata nafuu.

Upande wa pili una jaribio la INPRESS la Ufaransa (2017). Wagonjwa 298 tu, lakini wa hatari kubwa. Presha ya juu ya kila mmoja ilishikiliwa kwa noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, isiachane na yake ya kawaida kwa zaidi ya 10%. Walioharibikiwa utendaji wa kiungo kimoja au zaidi walikuwa 38.1%, dhidi ya 51.7% ya waliotibiwa kwa njia ya kawaida.

Kwangu wastani wa 65 ni sakafu, si lengo. Aliyezoea 170/100 wastani wake ni 123. Kumwacha kwenye 65 ni kumkata karibu nusu, na figo zake zimeshazoea msukumo mkubwa.

Kosa linalosahaulika ni kubania drip. Katika jaribio la RELIEF (2018), waliobaniwa maji waliumia figo kwa 8.6%, waliopewa kwa wingi kiasi 5.0%. Kwa hiyo tafuta kwanza chanzo cha presha kushuka: damu, dawa ya usingizi iliyozidi, ganzi ya mgongo iliyopanda juu. Kagua pia mkanda wa kipimo: ukiwa mdogo kwa mkono husoma juu kuliko ukweli, na ukipima kila dakika 5, dakika 4 za presha mbaya zinaweza kupita bila kuonekana.

Mkojo kupungua mezani peke yake si ushahidi, kwani homoni za msongo huuzuia. Pima kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) kabla, kisha rudia ndani ya saa 48. Ikipanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita, figo zimeumia. Simamisha diklofenaki (dawa ya maumivu), na jentamaisini (antibiotiki) kama kuna mbadala.