Kuipunguzia kazi programu ya kuchagua indeksi: unafuu na hatari yake

Indeksi ya kanzidata, yaani hifadhi ya data kwenye kompyuta, hufanya kazi ya faharasa ya kitabu: hupekui kurasa zote, unakwenda moja kwa moja unapotaka. Lakini ni mzigo pia, maana kila mauzo yakiingizwa nayo lazima isahihishwe. Ndiyo maana tangu SQL Server 7, kanzidata ya Microsoft ya mwaka 1998, zipo programu za kutuchagulia indeksi zinazofaa. Haziijengi indeksi kwanza, huiuliza kanzidata, "indeksi hii ingekuwepo, swali hili (yaani ombi la kutafuta data) lingegharimu kiasi gani?" PostgreSQL, kanzidata nyingine, ina nyongeza ya HypoPG kwa kazi hiyohiyo.

Kinachokula muda ni wingi wa kuuliza huko. Indeksi 20 tu zinazofikiriwa zina michanganyiko zaidi ya 1,000,000, na hapo hujazidisha kwa idadi ya maswali. Ndiyo maana wapo wanaotaka kuuliza huko kupunguzwe, na wapo wanaohofia kwamba programu ikipunguziwa kazi itashauri vibaya.

Ninatunza mfumo wa stoo wa duka la jumla hapa Ngamiani, Tanga. Usiku mmoja programu ilianza saa nne. Saa kumi na moja alfajiri, fuso za Lushoto na Pangani zikiwa zimepanga foleni kupakia, ilikuwa bado inakokotoa na karani anasubiri ankara zitoke. Kwa hiyo wanaotaka iwekewe ukomo wa kuuliza nawaunga mkono kabisa. Maswali yanayofanana yaunganishwe, makadirio yaliyokwisha kupatikana yatumike tena, na indeksi isiyoleta unafuu iachwe mapema. Tena majibu yenyewe ya kanzidata ni makadirio tu, na mara nyingi hukosea.

Wenye wasiwasi nao wana hoja nzito, na mimi iliniuma. Ili kuokoa muda tuliipa programu maswali ya wiki moja ya katikati ya mwezi. Ikaona indeksi ya namba ya mteja na tarehe ya kulipa haiguswi, ikashauri ifutwe. Tukaifuta. Tarehe 30 mhasibu akafungua orodha ya madeni, ile iliyokuwa ikitokea papo hapo, akaingojea nusu saa huku wateja waliokuja kulipa wamejaa kaunta.

Siku hizi napunguza makadirio bila huruma, ila maswali ninayoipa lazima yavuke mwisho wa mwezi, na swali la mara moja kwa mwezi nalipatia uzito kwa kuangalia nani analisubiri. Kufuta ndiko ninakokuogopa zaidi. Kanzidata ya MySQL tangu toleo la 8 inaruhusu kuificha indeksi kwanza, yaani ibaki ila isitumike, kwa hiyo naificha, namwacha mhasibu afunge hesabu zake, ndipo naifuta.