Kafyu Iliuma Wapi? Korona na Vibanda vya Nairobi

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia Machi 27 kafyu, yaani amri ya kutotoka nje usiku, ilikuwa imeanza: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hadi leo ukikaa na wafanyabiashara wadogo wa Nairobi, ubishi ni uleule, kama ni ugonjwa uliowafilisi au ni amri. Kwa maoni yangu kufunga kulikuwa na sababu. Kilichokosewa ni saa zilizochaguliwa, na njia ambayo msaada ulipitia.

Tuanze na saa. Mama mboga wa Kawangware au Pipeline hapati pesa yake saa nne asubuhi. Anaipata watu wakishuka matatu jioni: sukuma wiki inakatwa hapo hapo, nyanya zinapimwa kwa mafungu, na kando yake kuna wa chapati, wa mutura na wa samaki wa kukaanga. Ukisema kufikia saa moja kila mtu awe ndani, umemnyang'anya karibu siku nzima. Supamaketi ilipoteza saa za mwisho tu, na wateja wake waliweza kuja mchana. Tena matatu ziliamriwa kupunguza abiria, nauli ikapanda, na abiria aliyechelewa akawa anakimbia nyumbani kwa kuogopa rungu la polisi. Nani angesimama kununua? Juni, kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku, angalau jioni ilirudi.

Lakini wanaodai kwamba bila amri biashara zingeendelea kama kawaida hawasemi ukweli wote. Wakati huo chanjo haikuwepo, vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache, na katika mitaa kama Mathare familia nyingi hutumia choo kimoja. Isitoshe, mifuko ilikuwa imeanza kukauka: mahoteli yalikosa wageni, ofisi zikarudisha watu nyumbani, mishahara ikakatwa. Waliopoteza kazi wengine walianza kuuza mayai na mboga kwenye buti za magari kando ya barabara, wakigawana na mama mboga wateja wale wale wachache. Hilo halikuwa kosa la kafyu peke yake.

Marufuku ya kuingiza mitumba siwezi kuitetea hivyo. Iliwekwa kwa hofu ya virusi na kwa nia ya kuinua nguo za hapa nchini, ikaondolewa Agosti 2020. Mafundi cherehani walipata nafuu kwa kushona barakoa, sawa, ila marobota ya mitumba husafiri wiki kadhaa baharini, muda ambao virusi visingedumu kwenye nguo, na soko la mitumba la Gikomba ni riziki ya wachuuzi, wapiga pasi, mafundi na wabeba mizigo.

Kuhusu msaada, serikali ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14, ikaondoa kodi ya mapato kwa wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000, na ikashusha kodi ya mauzo kutoka asilimia 3 hadi 1. Ni hatua nzuri kwa mwenye hati ya mshahara au vitabu vya hesabu. Wanaoitetea serikali husema haiwezi kumsaidia asiyejiandikisha, na ni kweli wengi hukwepa kujiandikisha. Hoja hiyo inanishinda kuimeza yote, kwa sababu kanjo, askari wa kaunti, hajawahi kukosa kibanda siku ya kudai ada. Kilichomfikia mwenye kibanda ni kuondolewa kwa ada ya M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, maana kilipitia simu aliyonayo mkononi.

Takwimu za taifa zinaonyesha uchumi ulishuka kwa takriban asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha ukakua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka uliofuata. Wengine husoma hapo kwamba tulipona. Namba hizo hazisemi kama aliyefungua mwaka 2021 ndiye aliyefunga mwaka 2020. Mtaji ukishaliwa kwa kodi ya nyumba na unga, mwenye kibanda huanza upya kwa mkopo wa chama cha akiba au wa simu, au haanzi kabisa.

Basi, Kaunti ya Nairobi iweke sasa, kabla ya mlipuko mwingine, orodha ya wenye vibanda na namba zao za simu, na iwaulize wao wenyewe saa gani wanaweza kufunga.