Kinu cha Houghton: kuhifadhi jengo au kuhifadhi usagaji?

Kinu cha maji cha Houghton, katika Mto Great Ouse huko Cambridgeshire, Uingereza, kilitajwa tangu mwaka 974, kilipokabidhiwa abasia (nyumba ya watawa) ya Ramsey. Jengo lililopo leo ni la karne ya 18, likapanuliwa katika karne iliyofuata na kusaga hadi 1930. Wanakijiji waliliokoa lisibomolewe, likawa hosteli ya vijana kwa miongo kadhaa, na sasa linatunzwa na National Trust, shirika la hisani linalohifadhi majengo na maeneo ya urithi. Mwaka 1999 gurudumu la maji liliwekwa upya, unga wa ngano ukaanza tena kutoka. Ni hatua hiyo ya mwisho inayobishaniwa.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Jumuiya ya kulinda majengo ya kale, iliyoasisiwa na William Morris, msanii na mwandishi wa Uingereza, na wenzake mwaka 1877, inafundisha kwamba kilichopo kikarabatiwe, na kilichopotea kisibuniwe upya. Kwa kipimo hicho, gurudumu la Houghton ni kitu cha karne ya 20 kilichopachikwa katika mwili wa karne ya 18. Zaidi ya hayo, mashine inayozunguka huzitikisa mbao kuukuu, na vumbi la unga linaweza kushika moto kwa mlipuko.

Hata hivyo, naona hoja hiyo inawafaa zaidi wenye makanisa na makasri kuliko wenye vinu. Ghorofa tano za Houghton hazikujengwa kwa fahari: magunia yalivutwa hadi juu kwa nguvu ya gurudumu la maji, nafaka ikashuka kwa uzito wake hadi kwenye mawe ya kusagia, na unga ukapokewa chini yake. Kuta za juu ni za mbao, nyepesi kuliko matofali kwa jengo lililosimama juu ya maji. Usagaji ukikoma, mgeni hubaki akipanda ngazi asizojua sababu yake. Tena, vipuri vya kinu vilikusudiwa kubadilishwa tangu mwanzo. Katika vinu vingi, gurudumu kubwa la chuma lilipachikwa meno ya mti ili yavunjike yenyewe kwanza, na mawe yalichongwa upya kila makali yalipoisha. Kudai uasili wa kila kipande ni kumdai msagishaji kitu ambacho yeye mwenyewe hakukithamini. Jumuiya ile ile ya Morris, kwa kweli, ina kitengo cha vinu kinachounga mkono vya kale kuendelea kusaga.

Mipaka lakini ipo. Katika nchi tambarare kama ile, mto ukifurika maji hupanda upande wa chini wa gurudumu, tofauti ya kimo cha maji inayolizungusha hutoweka na kinu husimama; kwa hiyo asitarajie mtu kwamba mauzo ya unga yatalipia matengenezo. Gurudumu moja linatosha kuonyesha kazi. Mitambo ya zamani iliyosalia iachwe kama ilivyo, na kila kipande kipya kiandikwe mwaka wake.