Tosefta: Sharhe ya Mishna au Chimbuko Lake?

Mishna, kitabu cha sheria za marabi kinachohusishwa na Rabi Yehuda ha-Nasi, ilikamilika Galilaya mnamo mwaka 200 BK. Inayo jirani yake, Tosefta, iliyopangwa kwa mafungu yaleyale sita na yenye marabi walewale, ila ni nene mara tatu hivi. Wataalamu wanabishana: je, Tosefta iliandikwa kuifafanua Mishna, au Mishna ndiyo iliyochota humo?

Jibu la wazee linajulikana. Mwaka 987 Sherira Gaon, mkuu wa chuo cha Pumbedita huko Babeli, aliwajibu Wayahudi wa Kairouan, Tunisia, waliotaka kujua vitabu hivi vilipatikanaje. Tosefta, alisema, ni kazi ya Rabi Hiyya, mwanafunzi wa Rabi Yehuda, na ilikuja baada ya Mishna.

Kuna mahali ambapo huwezi kumbishia. Usiku wa Pasaka ya Wayahudi, ukumbusho wa kutoka Misri, huimbwa Zaburi za sifa, sehemu kabla ya chakula na sehemu baada yake. Mishna inataja shule mbili za marabi zilizoshindana: ya Shammai hukatisha mwisho wa Zaburi ya 113, na ya Hillel mwisho wa 114. Sababu haitajwi. Tosefta inaitoa: watu wa Shammai wanauliza, kwani Waisraeli wameshatoka, hata tutaje kutoka Misri usiku huu? (Zaburi ya 114 huanza na safari hiyo.) Watu wa Hillel wanajibu kwamba hata ukingoja jogoo awike, bado hawajatoka: walitoka saa sita ya mchana. Hii ni sharhe hasa, kama wanavyoisoma wanafunzi wa madrasa chini ya matini.

Lakini katika sura hiyohiyo mambo yanageuka. Katika Mishna, mtoto humuuliza baba yake usiku huu una tofauti gani na mwingine. Tosefta haina habari naye. Humo mtu hujishughulisha na sheria za Pasaka usiku kucha, na mwanawe, na mwanafunzi wake, hata peke yake. Na Rabban Gamaliel na wazee walikesha hivyo katika mji wa Lod, nyumbani kwa Boethus mwana wa Zonin, mpaka jogoo akawika. Judith Hauptman, mtaalamu wa siku hizi, anaona hapa desturi ya kale ambayo Mishna iliibadilisha. Hoja inavutia, ingawa kimya ni shahidi dhaifu: anayeongezea kitabu halazimiki kurudia kilichokwishasemwa vizuri.

Mimi naegemea kwa mtaalamu mwingine, Shamma Friedman, ambaye naye alianzia kwenye Pasaka. Kitabu kinaweza kukusanywa baadaye na bado kikabeba maneno ya zamani kuliko yale ya kitabu kilichotangulia. Wabishi wengi huchanganya maswali hayo mawili, ndiyo maana hawafiki popote.

Tazama mwanzo kabisa wa Mishna. Shema, ungamo la imani la Wayahudi, ya jioni isomwe kuanzia lini? Tangu makuhani waingie kula fungu lao takatifu, inajibu, bila kutaja msemaji. Katika Tosefta hayo ni maneno ya wahenga wakipingana na Rabi Meir, anayesema ni tangu watu waingie kula mkate wao usiku wa kuamkia Sabato. Aliyekuwa anaifafanua Mishna tu angemtoa wapi Meir? Ni rahisi zaidi kuamini kwamba mhariri wa Mishna aliujua ubishi huo, akachagua upande, na jina la Meir akaliacha nje.